Historia fupi ya PlayStation Uvira, na kwa nini tunafungua chumba nyumbani



Tangu niliposema kwamba tunaandaa chumba cha michezo ya video nyumbani kwetu, wengi wameniuliza: wewe si ulisoma kilimo? Mambo ya PlayStation umeyatoa wapi? Ni kweli, lisansi yangu ni ya agronomia, na pesa ya chumba hicho imetoka shambani, kwenye nyanya na vitunguu vya bonde la Ruzizi, misimu miwili ya jasho. Tuko watatu: mimi, binamu yangu na dada yangu mdogo. Lakini kabla ya kununua hata waya mmoja, nilitaka nijue hii michezo ilifikaje kwetu, na tulilipa nini ili ifike. Leo nawapa nilichokusanya. Vingine ni vya vitabu na ripoti zinazojulikana, vingine nimevisikia kwa wakubwa zetu, na vingine nimeviona kwa macho yangu.

Tuanzie mbali kidogo. Mchezo wa kukaa watu wawili wanaangaliana, wengine wamesimama nyuma wanapiga kelele na kutoa mashauri ambayo hayakuombwa, haukuletwa Uvira na PlayStation. Wazee wetu walicheza kisolo, mbegu na mashimo. Baadaye ikaja dama, ubao wa kuchora na vifuniko vya chupa. Mmoja anachukua vifuniko vya Primus, mwenzake vya Amstel iliyovuka kutoka Burundi, na mchana wote unaisha chini ya mwembe. Miaka ya Mobutu zikaja pia nyumba za video: televisheni moja, kaseti, mabenchi, unalipa mlangoni, unaangalia Bruce Lee. Shikeni hizo picha mbili, dama na nyumba ya video. Ukiziunganisha unapata chumba cha PlayStation kama tulivyokijua.

Huko ng'ambo, mashine zilikuwa zinajengwa polepole. Mwaka 1958 mwanafizikia Mmarekani William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi kwenye kioo kidogo cha maabara, ili wageni wasichoke kutembezwa. Mwaka 1972 ikatoka Magnavox Odyssey, mashine ya kwanza ya kuchomeka kwenye televisheni ya nyumbani, kazi ya Ralph Baer, mtu aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa kijana. Mwisho wa 1993 ukatoka mchezo wa kwanza wa FIFA. Na tarehe 3 Desemba 1994 Sony ikaanza kuuza PlayStation ya kwanza kule Japani.

Sasa weka tarehe hizo pembeni ya tarehe zetu. Oktoba 1993 rais Ndadaye anauawa Bujumbura, na Warundi wanavuka kuja kwetu. Julai 1994 wanafuata Wanyarwanda. Desemba 1994, mtoto wa Tokyo anapofungua boksi lake la PlayStation, upande wetu wa bonde umejaa mahema ya plastiki. Na Oktoba 1996 Uvira inaangukia mikononi mwa vita ya AFDL. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata.

Vita hiyo ilituachia neno moja ambalo kila mtu hapa analielewa: kadogo. Ni watoto waliochukuliwa, wengine kwa nguvu, wengine kwa ahadi, wakapewa silaha, wakatembea mpaka Kinshasa. Wengi walitoka Kivu yetu. Nalitaja hapa juu ya sababu moja: unapouliza vijana wa kiume wa miaka ile walikuwa wanashika nini mkononi, jibu haliwezi kuwa maneti.

Agosti 1998 vita ikaanza tena, na RCD ikashika mji mpaka kipindi cha mpito cha 2003. Hapo katikati ndipo PlayStation inapokutana na nchi yetu kwa mara ya kwanza, lakini si kama mchezo. Inakuja kama bei ya jiwe.

Baba yangu hakukataa tufungue chumba. Alisema tu sentensi moja: "Hiyo mashine, mdogo wangu aliichimbia." Baba mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hana mshahara. Mwaka 2000 alisikia kwamba Numbi, kule Kalehe, watu wanapata dola kwa koltani. Akaacha chaki, akaenda. Mwaka 2001 akarudi na kikohozi na koleo. Ni hayo tu. Binamu yangu, yule tunayefungua naye chumba, ni mtoto wake.

Kwa wale waliosoma mambo mengine, niseme koltani ni nini. Ni jiwe jeusi lenye madini mawili ndani, kolombiti na tantaliti. Humo inatolewa tantali, chuma ambayo haili kutu kirahisi na inastahimili joto kali. Tantali inaingia kwenye kapasita, vile vifaa vidogo kama punje vinavyotunza umeme kwa muda mfupi ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000 dunia ilitaka simu nyingi kwa mara moja, kompyuta nyingi, na PlayStation 2 ikatoka Machi mwaka huohuo. Wanunuzi wakaogopa tantali itaisha, wakanunua na ya kuweka akiba. Bei ikaruka mara kadhaa ndani ya miezi michache. Novemba 2000 RCD ikaunda kampuni inayoitwa SOMIGL, ili koltani yote ipite mlango mmoja na ushuru wake uingie mfuko mmoja. Mwaka 2001 bei ikaporomoka. Waliokuwa shimoni hawakuambiwa na mtu. Waliona tu kwamba mnunuzi hafiki tena, au anafika na bei ya kuchekesha.

Kuna watu, sana sana Ulaya na Marekani, waliandika kwamba vita yetu ilikuwa "vita ya PlayStation". Mimi sikubali maneno hayo hivihivi, na nawaomba wandugu tuwe waangalifu. Vita ilianza Agosti 1998, PlayStation 2 ikatoka Machi 2000. Kitu hakiwezi kuanzisha kilichokitangulia. Tena wakati ule sehemu kubwa ya tantali ya dunia ilikuwa inatoka Australia, si kwetu. Mizizi ya vita yetu ni ardhi, uraia, serikali iliyooza, majirani na tamaa ya watu wenye majina. Lakini kusema mashine haikuanzisha moto haina maana kwamba haikutia kuni. Bei ya 2000 iliwapa wenye bunduki sababu ya kubaki mlimani, na iliwatoa walimu madarasani. Kwa hiyo baba ana haki katika sentensi yake. Familia yetu ilishalipia mashine hiyo kabla ya kuiona.

Tuliiona lini? Kwa upande wangu, nilikuwa na miaka tisa hivi, ni kusema 2006. Amani kidogo ilikuwa imerudi. Mwaka mmoja kabla, wakimbizi wa makambi ya Tanzania walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, na watu walirudi na vitu, na tabia, na Kiswahili chenye ladha ya kule. Wafanyabiashara walipita Gatumba kila asubuhi. Mashine zilikuja kwa njia zote mbili, ziwani na barabarani, nyingi zikiwa zimetumika tayari. Kumbukeni kwamba PlayStation 3 ilitoka mwisho wa 2006. Mtoto wa Ulaya aliponunua mpya, ya zamani ilianza safari ya kuja kwetu. Kwa hiyo kwetu PlayStation 2 ilikuwa inaanza kule ilikokuwa inaisha. Hii mashine imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, hakuna ya nyumbani iliyoifikia, na Sony iliacha kuitengeneza kati ya 2012 na 2013. Hapa Uvira bado nimeiona ikifanya kazi, maneti imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Twende ku PlayStation" ilikuwa na maana ya mahali, si mashine. Mahali penyewe: chumba kimoja cha mbele cha nyumba ya mtu, pazia mlangoni, televisheni mbili au tatu zenye mgongo mrefu, mabenchi ya mbao, jasho. Unalipa kwa mechi. Ulikuwa na noti ya faranga 100 unaibana mkononi mpaka inalowa. Aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki. Mwenye chumba anakaa na fimbo na daftari, yeye ndiye refa, hakimu na benki. Nyuma yetu, wasio na pesa walicheza kwa midomo, kama kwenye dama.

Na umeme? Hapo ndipo historia yetu inachekesha. Umeme wa Uvira unatoka kwenye mto Ruzizi, mto unaotoka ziwa Kivu na kumwaga maji yake hapa kwetu. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walizunguka kaskazini ya Tanganyika kwa mtumbwi ili wajue tu kama mto huo unaingia ziwani au unatoka. Wavira wangewaambia bila kupanda mtumbwi. Mwisho wa miaka ya 1950 Wabelgiji wakajenga bwawa la Ruzizi ya kwanza, megawati karibu 30. Mwaka 1989 ikafunguliwa Ruzizi ya pili, karibu megawati 44, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi wanagawana kupitia SINELAC. Tangu hapo miji imekua mara nyingi, na mashine za kuzalisha umeme zimezeeka. Kwa hiyo tunakaa mdomoni mwa mto wenye umeme na tunacheza gizani. Kila mtoto wa kizazi changu anajua uchungu wa kuongoza bao mbili, dakika ya 80, halafu umeme unaondoka. Ugomvi mkubwa wa vyumba vile haukuwa juu ya penalti. Ulikuwa juu ya swali: mechi iliyokatwa na umeme, pesa inarudi ao hairudi?

Vyumba hivyo vilitufanyia nini? Wazazi walisema vinaua shule, na kwa watoto fulani ilikuwa kweli. Karo ya mwezi iliweza kuishia kwenye benchi. Miezi ya mitihani ya taifa ilikuwa migumu. Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Miaka ile, milimani juu ya mji na katika bonde, vikundi vyenye silaha viliendelea kuita vijana. Mtoto aliyekaa ku PlayStation mpaka jioni, mama yake alijua yuko wapi. Sina hesabu ya kuwapa hapa, na sitaizua. Nasema nilichokiona katika barabara yetu: chumba kile kilikuwa mahali pekee ambapo Mufuliiru, Muvira, Mubembe na Munyamulenge walikaa benchi moja, na tusi kubwa lilikuwa kuambiwa hujui kukaba. Desemba 2010, TP Mazembe ilipocheza fainali ya klabu za dunia na Inter ya Milan ikafungwa 3-0, siku iliyofuata watoto walikuwa wanarudia mechi hiyo kwa mashine. Mazembe hawakuwemo kwenye diski, basi tulichukua timu yoyote yenye jezi nyeusi na nyeupe tukaibatiza. Mara hii Mazembe ilishinda.

Kasoro kubwa ya vyumba vile, ambayo historia ya wanaume haitaji, ni kwamba nusu ya watoto hawakuwemo. Sikumbuki msichana hata mmoja aliyekaa benchi. Walipita nje na vindoo vya maji, walisikia kelele, wakaenda. Dada yangu aliniambia juzi kwamba alikuwa anasimama kwenye pazia kuniita chakula na kubaki pale dakika mbili zaidi ya lazima. Yeye ndiye leo anatunza daftari la mradi wetu, na pesa yake ni nyingi kuliko yangu.

Wakati sisi tunacheza, wengine walianza kutucheza sisi. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikadai makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo na majirani zake. Septemba mwaka huo serikali ya Kinshasa ikasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na wachimbaji wadogo wakakaa miezi bila mkate. Septemba 2011 Waitalia wa Molleindustria wakatoa mchezo wa simu unaoitwa Phone Story. Sehemu yake ya kwanza iko Kongo: anayecheza anaendesha walinzi wenye silaha ili watoto wasiache kuchimba koltani. Apple iliuondoa dukani mwake ndani ya saa chache. Na mwaka 2017, jijini Paris, mpiga picha Karim Ben Khelifa akaonyesha The Enemy, kazi ya uhalisia pepe: unavaa miwani, unaingia chumba kitupu, na mbele yako wanasimama wapiganaji wa pande mbili wa urefu wa mtu mzima, wanakujibu kwa nini wanapigana na wanaota nini. Kati yao kulikuwa na mpiganaji wa FDLR na askari wa jeshi la Kongo.

Fikirieni hilo. Mtu wa Paris alisimama uso kwa uso na vita ya Kivu kwa miwani yenye teknolojia iliyoanza na kofia nzito ya Ivan Sutherland mwaka 1968, na kijana wa Kivu hajawahi hata kuishika miwani hiyo. Ndiyo maana katika chumba chetu tunataka, mbali na televisheni, kona moja ya uhalisia pepe. Sitaki sisi tubaki tunaoangaliwa tu.

Sasa niwape hesabu, juu wengi mumeomba. Kwanza mahali. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mito yetu, Mulongwe mbele, ilibomoa maelfu ya nyumba na kuua watu. Baadaye ziwa lenyewe likapanda na kumeza nyumba za ufukweni. Mashine ya umeme haipendi mafuriko, kwa hiyo chumba chetu kiko nyumba ya juu kidogo, mbali na mto, na vifaa vyote vitakaa kwenye rafu ya mita moja juu ya sakafu.

Pili umeme. Betri moja ya gari kubwa, volti 12 na ampea-saa 100, inabeba wati-saa 1,200. Betri ya risasi ukiitoa yote inakufa mapema, basi hesabu nusu, 600. PlayStation 4 ikicheza inakula wati 100 au zaidi, televisheni bapa ya inchi 32 karibu 40. Jumla 140, maana yake saa nne na robo, toa kidogo kinachopotea kwenye konvertisa. PlayStation 2 ile nyembamba inakula wati 35 hivi, pamoja na televisheni 75: saa nane. Kwa hiyo tunaanza na mashine mbili za zamani na moja ya kati, paneli za jua juu ya mabati, na umeme wa SNEL ukija unachaji tu betri. PlayStation 5 ina uzuri wake, lakini inaweza kula wati 200. Hiyo ni ya mtu mwenye bwawa lake.

Tatu miwani. Zile zinazojitegemea, kama Quest, hazihitaji kompyuta, betri yake inakaa saa mbili au tatu, na zinataka uwanja mtupu wa mita mbili kwa mbili ili mtu asipige ukuta ngumi. Zinahitaji intaneti kufunguliwa na kupakua michezo, na hapo bei ya mega inauma. Kampuni yenyewe inasema zisivaliwe na mtoto wa chini ya miaka 10. Na msiziache juani: lenzi inakusanya mwanga na kuchoma kioo cha ndani, na jua letu mnalijua. Kwa kuanza tutatumia njia ya masikini, ile ya katoni na lenzi mbili ambayo Google iliionyesha 2014. Unaweka simu ndani, unafunga. Angalizo moja: simu lazima iwe na jairoskopu, kifaa cha kusikia kichwa kinavyogeuka, na simu nyingi za bei ndogo hazina. Pimeni kabla ya kukata katoni.

Nne sheria za chumba, na hizi tumeziandika kutokana na historia yenyewe. Saa za shule mlango umefungwa. Mechi iliyokatwa na umeme inarudiwa bure. Jumatano na Jumamosi mchana ni za wasichana, na mama atakuwa uani. Hakuna kuchezea pesa. Na ukutani, juu ya televisheni ya kwanza, binamu yangu ameomba tutundike koleo la baba yake, na maandishi madogo ya kueleza koltani ni nini na inafanya kazi gani ndani ya mashine ile. Kuna waliosema itawatia watoto huzuni. Mimi naona mtoto wa Uvira ana haki ya kujua kilichomo ndani ya kitu anachokishika, kama ninavyomfundisha mkulima kujua kilichomo ndani ya udongo wake.

Naishia hapo. Ninyi wakubwa mliokuwa mnaendesha vyumba vile kati ya 2003 na 2010, Mulongwe, Kasenga, Kalundu, tuandikieni hapa chini: nani alifungua wa kwanza mtaani kwenu, mashine ilitoka wapi, bei ilikuwa ngapi? Na wale mliosoma umeme, angalieni hesabu yangu ya betri kabla hatujanunua. Tunanunua mwisho wa mwezi.